Kilomita Zilizopungua

Mzee Ngusa alikutwa zizini mwake, Mwandoya, asubuhi ya Jumanne, jua likiwa bado halijachomoza sawasawa. Aliyemkuta ni binti yake Lucy, aliyetoka na kibuyu cha kukamulia. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka, na karibu naye ulilala mchi wa kinu wenye damu. Ng'ombe wote walikuwemo, wamejibana upande mmoja wa zizi. Kamba ya lango ilikuwa imefungwa kwa nje, tena imefungwa vizuri, fundo la mtu aliyekulia zizini.

Inspekta Esteria Luhaga alipofika kutoka Bariadi na msaidizi wake, Koplo Josia, kijiji kilikuwa kimeshamaliza kesi. Mwandu, ntemi, yaani mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, aliwapokea akiwa na filimbi shingoni na furaha ya mtu aliyefanya kazi ya wengine.

"Muuaji tunaye, afande," alisema. "Tumemfungia ofisi ya kijiji. Kilichobaki ni ninyi kumpakia tu."

"Ni nani?"

"Nkinda. Jirani. Wiki iliyopita ng'ombe wake waliingia kwenye pamba ya marehemu. Walitukanana mbele za watu, na kijana akasema mzee atamtambua. Leo tumekuta fimbo yake zizini. Unataka nini zaidi?"

Esteria hakujibu. Alikuwa na tabia hiyo, na ilimchosha kila mtu, hasa wakubwa wake. Aliingia zizini, akaitazama fimbo, akautazama mchi, kisha akamtazama ndama mchanga aliyekuwa akitetemeka chini ya mama yake.

Nkinda alikuwa na miaka ishirini na mitatu na jicho moja lililovimba. Sungusungu hawaulizi kwa upole.

"Fimbo ni yako?" Esteria alimwuliza.

"Ni yangu."

"Ilifikaje zizini kwa mzee?"

"Jana jioni babu aliniita. Mtamba wake alishindwa kuzaa, ndama alikuja vibaya. Tukamvuta pamoja mpaka akatoka. Nikasahau fimbo."

"Mlikuwa mmeshapatana?"

"Mtu akikuita umzalishe ng'ombe wake, si mmepatana, afande?"

"Nani alikuona?"

"Babu. Lucy alikuwa bado hajarudi kutoka kwaya."

"Babu amekufa."

"Ndiyo," kijana alisema, akatazama sakafu. "Hiyo ndiyo taabu yangu."

Ndama alikuwepo, ni kweli. Lakini ndama hasemi ni nani aliyemvuta. Nkinda alipelekwa mahabusu Bariadi, na kosa la kuua halina dhamana. Jalada likishafika mahakamani, kijana angekaa gerezani miaka akisubiri zamu yake ya kusikilizwa, na mwisho wa zamu hiyo ungeweza kuwa kitanzi.

Jioni hiyohiyo filimbi ililia. Mkutano uliitwa, na mama yake Nkinda, mjane aliyeitwa Kashindye, akatengwa. Asisalimiwe. Asiombwe wala asipewe moto. Asichote maji watu wakiwa kisimani, asisage mashineni. Atakayezungumza naye atatoa ng'ombe wa faini. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimfuta tu, kama mtu anavyofuta ubao, kisha wakaenda kulala.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Esteria alikwenda, akasimama nyuma pamoja na akina mama, kwa sababu msibani watu husema mambo ambayo kituoni hawayasemi. Hapo ndipo alipomwona Constantine Shigela kwa mara ya kwanza.

Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye duka la dawa za mifugo Bariadi. Alifika na Coaster ya wafanyabiashara wenzake, akashusha magunia ya mchele na sukari, akalia kwa sauti kuliko watoto wa marehemu. Alipoambiwa kwamba yule mwanamke mwenye koti ni mpelelezi, alimfuata mwenyewe.

"Pole na kazi, afande. Taarifa imenikuta nimetoka Dodoma. Jumatatu usiku nilikuwa njiani, njia nzima ya Singida, Nzega, Shinyanga. Nimefika nimechoka, naambiwa mzee hayupo tena."

"Pole," alisema Esteria. Hakuwa amemwuliza alikuwa wapi.

Baadaye alimkuta Lucy jikoni akigeuza ugali wa wageni.

"Huyu Constantine ni nani kwenu?"

Lucy aliendelea kugeuza. "Ni baba yake Mihayo. Mwanangu. Hakunioa, na ng'ombe wa mahari hakutoa. Kwa hiyo mtoto ni wa baba yangu, amelelewa kwa jina la hapa."

"Na sasa anamtaka?"

"Mke wake amezaa mabinti tu. Mwaka huu amekuja mara tatu. Baba alikuwa anamwambia mtoto si ndama wa kuuzwa." Alifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Leo ameshaongea na wazee. Siku ya kumaliza matanga watakaa, wampe mtoto bila hata ng'ombe mmoja, kwa kuwa baba hayupo wa kukataa."

Shuku ilimwingia Esteria. Hakuipenda, kwa kuwa haikuwa ushahidi.

Kesho yake yeye na Josia walikwenda dukani kwa Constantine. Aliwapa viti, akaagiza soda. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, ilisimama Rav4 ya kijivu, imeoshwa ikang'aa, na tairi moja la nyuma halikufanana na wenzake.

"Hilo ni la akiba," Constantine alieleza kabla hajaulizwa. "Nilipata pancha njiani."

"Uliondoka Dodoma saa ngapi?"

"Saa tatu usiku. Gari lilikuwa gereji, kubadilisha oili. Mpigieni fundi, namba yake hii hapa. Na kama hamumwamini, njooni." Aliwatoa nje, akafungua mlango wa dereva. Kwenye ukingo wa mlango kilibandikwa kikaratasi cha gereji: jina la Dodoma, tarehe ya Jumatatu, na kilomita za gari wakati wa kubadilisha oili, 184,210. "Mtu hawezi kuwa Dodoma usiku na Mwandoya alfajiri. Labda awe na mabawa."

"Ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi nilikuwa nakunywa chai mgahawa wa jirani. Waulizeni."

"Kwa rekodi za mtandao, simu yako ilizimika Singida usiku wa manane, ikawaka Bariadi asubuhi."

"Chaji, afande. Ya gari iliharibika."

"Na gari limekwenda wapi tangu urudi?"

"Halijasogea. Msibani nilikwenda na Coaster, mliniona."

Esteria aliinama, akasoma dashibodi: 184,742. Aliandika namba zote mbili kwa mazoea tu, akashukuru kwa soda.

Fundi wa Dodoma alithibitisha: saa tatu usiku, mteja aliondoka mbele ya macho yake. Mwenye mgahawa alithibitisha chai. Josia akatoa simu, akaandika Dodoma, akaandika Bariadi, na simu ikachora mstari wa bluu kupitia Singida, Nzega na Shinyanga mpaka Maswa.

"Kama kilomita mia sita na hamsini," alisema. "Usiku, kuna malori na matuta. Akikimbia sana anaingia Bariadi kukiwa kumepambazuka. Hapo bado hajaenda Mwandoya."

"Na akikata Shinyanga kupitia Lalago, moja kwa moja hadi Mwandoya?"

"Bado jua linamkuta njiani. Mzee alikufa kabla ya hapo. Huyu hayumo, afande. Tutoke kwake."

Lilikuwa jibu zuri, na kila mtu mkoani angelitoa hivyohivyo. Mtu wa Simiyu akienda Dodoma anapita Shinyanga. Baba yake alipita Shinyanga, mabasi yanapita Shinyanga, na mwenye gari lake naye anayafuata mabasi. Mkuu wa Esteria aliposikia alifurahi, akasema jalada la Nkinda liende kwa wakili wa serikali Jumatatu inayofuata.

Esteria alilala vibaya usiku huo. Alikuwa akimkumbuka yule kijana alivyotazama sakafu.

Jumamosi alirudi Mwandoya. Aliomba mtu wa kumwelekeza nyumbani kwa Kashindye, akapewa mjumbe, ambaye alitembea naye mpaka penye mti wa mwisho wa mnyaa, akasimama.

"Mimi naishia hapa, afande. Nina ng'ombe wawili tu."

Nyumba ya Kashindye ilikuwa kando ya barabara kuu, mkabala na zizi la Ngusa. Mwanamke alikuwa amekaa kizingitini, akisaga mtama kwa jiwe, kwa sababu mashine ilikuwa marufuku kwake.

"Mwadila, mayu," alisalimu Esteria, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama alinyanyua uso taratibu, akatazama nyuma ya Esteria kuona ni nani anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu.

"Mwadila," alijibu. "Mwanangu anakula huko?"

"Anakula. Mayu, ile alfajiri ya Jumanne ulikuwa macho?"

"Huwa naamka mapema, nawasha moto."

"Ulisikia chochote?"

"Nilisikia gari. Gari dogo, si lori. Lilisimama hapo juu, likazimwa. Nikabandika uji. Uji ukachemka, nikaepua, ndipo likawashwa tena, likaenda."

Esteria alijitahidi asionyeshe kitu usoni. "Likaenda wapi?"

"Bariadi."

"Na lilitoka Bariadi?"

"Hapana. Lilitoka huku." Alinyoosha mkono kusini. "Upande wa Mwanhuzi."

Esteria alikaa chini, kwenye vumbi, na koti lake lote. Alimwomba arudie, akarudia vilevile.

Josia alikuwa akimsubiri garini. Alipoelezwa, alikunja uso.

"Gari la Mwanhuzi? Hilo ni la wenyeji basi. Huko kusini hakuna kitu, afande. Ukipita Mwanhuzi unakwenda kuishia Mto Sibiti."

"Sibiti kuna daraja siku hizi."

"Lipo, lakini nani anapita?"

"Ukivuka daraja unatokea wapi?"

"Mkalama," alisema. "Halafu barabara kuu. Halafu Singida."

"Leta kijitabu chako. Toa mia moja themanini na nne elfu mia mbili na kumi kwenye mia moja themanini na nne elfu mia saba arobaini na mbili."

Alitoa. Akatoa mara ya pili. "Mia tano thelathini na mbili."

"Gari lake lilitoka gereji Dodoma na kufika Bariadi kwa kilomita mia tano thelathini na mbili. Kwa njia ya Shinyanga zinahitajika mia sita na hamsini. Tulikuwa tunatafuta mtu aliyetembea zaidi, Josia. Huyu alitembea pungufu."

Walikwenda kupima wenyewe, kwa sababu hesabu ya kwenye karatasi wakili angeichana. Waliondoka Bariadi asubuhi, wakapita Mwandoya na Mwanhuzi. Gari likarushwa na mawe, likakwama mara moja kwenye udongo mweusi wa mbuga, wakavuka Sibiti, wakatokea lami upande wa pili na kuendelea mpaka Singida mjini. Walisoma dashibodi, wakajumlisha na kipande cha Singida hadi Dodoma. Walipata mia tano na thelathini. Mizunguko ya mjini ilitosha kueleza mbili zilizobaki.

Mkuu wa Esteria alikubali kulishikilia jalada kwa siku chache, huku akinung'unika.

Siku ya kumaliza matanga, ua wa marehemu ulijaa mchana kweupe. Wazee walikaa kwenye vigoda, Mwandu na watu wake wakasimama pembeni, Lucy akakaa chini, mwanawe amemlalia mapajani. Constantine alikuja tena na Coaster, amevaa suti. Kashindye hakuwepo, kwa kuwa hakuruhusiwa kuwepo.

Mzee mmoja alipoanza kusema habari za mtoto, Esteria aliomba nafasi.

"Wazee, nisameheni. Nina swali moja la safari kwa ndugu Constantine, halafu nitakaa."

Constantine alitabasamu. "Uliza, afande."

"Jumatatu ile ulipita njia gani kutoka Dodoma?"

"Nimekwambia. Shinyanga."

"Yote? Mlima Sekenke, Igunga, Nzega, Shinyanga, Maswa?"

"Yote."

"Hukukata popote?"

"Usiku ule nikate kwenda wapi?"

"Na mita ya gari lako ni nzima?"

Hapo tabasamu lilipungua kidogo. "Ni nzima. Kwa nini?"

"Kwa sababu asubuhi hii mke wako ametukabidhi funguo, tukiwa na hati ya upekuzi. Tumelipima gari kwenye vibao vya kilomita kati ya Bariadi na Maswa. Mita yako haidanganyi. Mwenye kudanganya ni mwingine." Alimgeukia dereva wa Coaster, aliyekuwa ameegemea mlango. "Kaka, wewe Dodoma unakwenda mara kwa mara. Kutoka Bariadi ni kilomita ngapi?"

"Mia sita hamsini hivi," dereva alijibu. "Zikipungua sana, mia sita arobaini."

"Gari la ndugu Constantine lilitumia mia tano thelathini na mbili. Kikaratasi cha gereji alinionyesha mwenyewe. Hizo mia moja na zaidi zimekwenda wapi? Lilipakiwa kwenye lori?"

Baadhi ya vijana walicheka, wakaacha. Constantine alitazama wazee mmoja mmoja, akitafuta uso wa kumsaidia.

"Kuna njia moja tu yenye kilomita hizo," Esteria aliendelea. "Ni ya daraja la Sibiti. Nimeipita, imenitoa roho. Tairi lako limebaki huko. Na njia hiyo, ukitoka Mwanhuzi kwenda Bariadi, inapita mbele ya zizi hili. Mtu mmoja alikusikia ukisimama hapo juu alfajiri. Ulisimama muda wa uji kuchemka na kuepuliwa. Niambie ulikuwa unafanya nini."

Constantine alivua koti la suti, akalikunja, akaliweka magotini kama anayejiandaa kwa kazi.

"Nilipita Sibiti kwa kuwa ni karibu," alisema. "Sikuwa na nia mbaya. Nilipofika hapa nikaona zizi, nikasema nimwombe mzee mara ya mwisho, tukiwa wawili, bila watu wa kumtia kiburi. Nikaingia. Alikuwa anamwangalia ndama. Aliponiona alichukua mchi uliokuwa pale, akanijia. Nikamnyang'anya. Alipogeuka kuita watu..." Alilikunja koti tena. "Nilimpiga mara moja. Nikafunga lango ng'ombe wasitoke."

"Halafu Nkinda akakamatwa."

"Sikumtaja mimi."

"Hukumtaja. Ulileta mchele."

Lucy alisimama. Alimwachia mtoto bibi mmoja, akasogea mpaka mbele ya Constantine, na sauti yake haikupanda.

"Baba alikuwa amekubali," alisema. "Jumapili baada ya misa aliniambia. Amechoka kugombana, ukija mchana na wazee wako, na ng'ombe, kama mkwe, atapokea. Hata mahali pa kuwafunga alishapaangalia. Wewe umeingia zizini kwake gizani. Anayeingia zizini gizani ni mwizi, Constantine. Alikuona mwizi. Ungekuja mchana tu."

Constantine alifunika uso kwa koti. Josia alimfunga pingu akiwa amekaa vilevile, na hakuna aliyemzomea. Pengine walikuwa wakitafuta pa kuweka macho yao, maana kila mmoja alikuwa na kitu cha kukumbuka kuhusu Nkinda.

Kijana aliachiwa siku iliyofuata. Esteria alimrudisha mwenyewe Mwandoya kwa gari la polisi. Njiani Nkinda aliuliza jambo moja tu, kama yule ndama anaendelea kunyonya.

Walipofika, watu walikuwa wamejaa barabarani mbele ya nyumba ya mama yake. Filimbi ilikuwa imeshalia kuondoa adhabu. Wanawake waliotoka kisimani walisimama na ndoo zao, mashine ya kusaga ilizimwa, na Mwandu alikuwa mbele, kofia mkononi. Kashindye alitoka, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu, kisha akamsukuma taratibu ndani akapumzike.

"Mwangaluka, mayu," Mwandu alisalimu.

Wengine nao wakamfuata, mwangaluka, mwangaluka, sauti nyingi kwa pamoja baada ya siku zote zile. Kashindye aliwatazama bila kuitikia.

"Mayu, tumekosa," Mwandu alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kosa ligawanywe, akaongeza, "Lakini na wewe. Gari ulilisikia tangu Jumanne ile. Mbona ulikaa nalo moyoni, mtoto yuko ndani? Ungesema, tungejua siku ileile."

Esteria, aliyekuwa ameshashika mlango wa gari, aligeuka. Kashindye alikuwa akimwangalia Mwandu bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Ningemwambia nani?" aliuliza.

Mwandu alitazama kofia yake. Mama alisubiri jibu, akasubiri tena, akaingia ndani kwa mwanawe na kurudishia mlango.